UZI: Hadithi zetu za kutisha za kijijini zinamwogopa nani?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi sasa hivi auhifadhi asome baadaye.

Hadithi nyingi za kutisha zinazowekwa humu, na zile zinazosimuliwa redioni na YouTube saa za usiku, zimeshika njia moja. Kijana wa Dar anapata likizo, anapanda basi kwenda kwa bibi ambaye hajamwona tangu utotoni. Usiku wa pili anasikia kitu kinatembea juu ya bati. Asubuhi majirani wanakwepa kumtazama usoni. Bibi ana macho mekundu, anaongea peke yake, ana chumba ambacho hakifunguliwi. Ukifika sehemu ya ishirini unaambiwa kile ulichokijua tangu sehemu ya kwanza: bibi ni mchawi, na kijana ameponea chupuchupu.

Mimi nimekulia Usukumani, na hadithi ya namna hiyo siwezi kuisoma kwa starehe. Sababu nitaieleza chini.

Hoja yangu ni hii. Hadithi ya kutisha inachukua hofu ambayo watu tayari wanayo na kuipa sura. Kwa hiyo kila ninaposoma najiuliza: sura hiyo kabandikwa nani? Nikizipanga hadithi za vijijini za ukanda wetu kwa karibu miaka mia, naona zimegawanyika. Zipo zinazomnyooshea kidole mtu wa juu, mwenye mamlaka, gari na vyombo. Zipo zinazomnyooshea mtu wa chini, asiye na wa kumtetea. Sisi tunaoandika leo tumeziacha zile za kwanza, ambazo kwa utajiri wa kutisha hazina mfano, tukang'ang'ania za pili, ambazo zimeshaua watu.

Tuanze na mumiani. Waliokulia pwani, Morogoro au Mombasa hawahitaji kuelezwa. Linakuja gari jekundu. Wanaume wa zamu ya usiku wanashuka. Ndani ya kituo chao, chini ya sakafu, kuna shimo. Mtu ananing'inizwa kichwa chini miguu juu, damu inakingwa kwenye ndoo, inasafirishwa kutengenezwa dawa ya Wazungu. Nairobi na Kampala walioogopwa waliitwa wazimamoto. Northern Rhodesia, yaani Zambia ya leo, waliitwa banyama. Katanga, huko Kongo, waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizi kwa wazee wa Kenya na Uganda, akatoa kitabu mwaka 2000, na jambo kubwa alilolifanya ni kukataa kuzidharau. Aliuliza: kwa nini zimamoto? Kwa nini ndoo, mipira na pampu?

Hebu vaeni viatu vya mtu wa miaka ya 1930. Unaona jengo lenye gari linalong'aa, mipira mirefu imekunjwa, wanaume wenye sare wanalala kazini na kulipwa mshahara kwa kungoja. Wanangoja nini? Wakati huohuo serikali ileile inakudai kodi ya kichwa. Vijana wa kwenu wamechukuliwa manamba kwenye mkonge wa Tanga na wengine hawajarudi. Watu wa malale wamekuja na sindano, wakatoa damu na kuondoka nayo bila kueleza inakwenda wapi. Mtu huyo akisema kuna watu wanachukua damu ya Waafrika na kuipeleka mbali ili wengine waishi vizuri, kuhusu shimo amekosea. Kuhusu ukoloni amesema kweli.

Ndiyo maana nasema hadithi ile ni tajiri. Haina mzimu hata mmoja, ina ofisi, zamu, mshahara na vifaa. Anayekunyonya ni mwajiriwa. Pengine unamfahamu, pengine ni Mwafrika mwenzako aliyepata kazi nzuri. Sijaona hadithi ya humu jukwaani inayofikia ubaridi huo.

Ya pili ni msukule. Tajiri ana shamba kubwa, vibarua huwaoni, lakini mazao yanatoka. Mtu kafa, kazikwa, kumbe mlichozika ni gogo. Mwenyewe yuko darini kwa tajiri, kakatwa ulimi, anakula pumba, na usiku anatolewa kulima. Kuna na namna nyingine ambayo kwangu inatisha zaidi: hujafa kabisa. Unalala kwako, unaamka umechoka, kiuno hakinyooki, viganja vinauma. Ulilimishwa usiku na hukumbuki. Sasa mtu aliyewahi kufanya kibarua cha palizi kwa malipo ya debe la mahindi aniambie kama hadithi hiyo inahitaji tafsiri. Swali lake ni lile ambalo kijiji kizima kinalo na hakina pa kuliuliza: yule kapata wapi, na jasho lililotumika ni la nani?

Na Gamboshi. Kijiji kipo kweli, Bariadi, mkoa wa Simiyu, kina watu wanaolima na kufuga. Nchi nzima imekifanya makao makuu ya wachawi. Katika yote yanayosemwa, linalonikaa kichwani ni lile la taa: kwamba usiku pale panageuka jiji, maghorofa na barabara zinawaka kama Ulaya, na alfajiri panarudi kuwa vichaka na mbuyu. Simulizi hiyo ilienea wakati vijiji vyetu havina hata nguzo moja ya umeme. Watu walioambiwa miaka nenda rudi kwamba maendeleo yanakuja wakatunga mahali ambapo yameshafika, ila yanaonekana usiku tu, na ni kwa wateule.

Naishia hapa kwanza, upande wa bibi nitauleta. Karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi mzuri. Mimi natokea Sumbawanga. Tangu nimekwenda chuo hadi leo niko kazini, nikitaja kwetu mtu anauliza habari za radi za uchawi. Watu wazima, wenye shahada, wananiambia "wewe usiniroge". Rukwa tunalima mahindi yanayolisha mikoa mingine, tuna Ziwa Rukwa na maporomoko ya Kalambo, lakini tumebaki na radi. Kila mwandishi akitaka kijiji cha kutisha anatuchukua sisi, Gamboshi, Pemba au Tanga, na wengi hawajawahi kukanyaga. Naomba uligusie na hilo.

#3 Mchangiaji

Mleta uzi, heshima yako, lakini naona unazunguka. Uchawi upo. Mimi nimeshuhudia kwenye familia yangu, siwezi kueleza humu. Wazungu wakiandika kitabu wanasema ni hofu ya jamii kwa sababu hawajalala kijijini. Unataka tuandike hadithi za kuogopa magari ya zimamoto wakati adui yumo ndani ya ukoo?

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, sitabishana na ulichokiona kwenye familia yako, na uchungu wako nauheshimu. Tena sheria yetu wenyewe, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo vitabuni, imeandikwa kana kwamba jambo lenyewe lipo. Mimi nazungumzia kitu tunachoweza kukihesabu: nani anatajwa.

Sasa nieleze habari ya bibi.

Kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi. Hesabu hiyo ilipatikana serikali ilipounda tume kulichunguza jambo hili. Sehemu kubwa ni kwetu Usukumani, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Alama iliyotajwa mara nyingi kuliko zote ilikuwa macho mekundu.

Macho yale yalitoka wapi? Shinyanga ilikuwa na misitu. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa eneo kwa eneo ili kuua mbung'o, kisha pamba ikaingia, mifugo ikaongezeka, miti ikaisha. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kurudisha uoto na zile ngitili za zamani, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa. Kuni zilipokwisha, akina mama walipikia vinyesi vya ng'ombe vilivyokaushwa na mabua ya pamba. Mmekaa kwenye jiko la namna ile? Nyumba ya duara, paa la nyasi limeshuka chini, hakuna dirisha. Moshi hauondoki, unaning'inia kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo mtoto aliyekaa chini anapumua na mama aliyesimama anakoroga ugali huku anafuta macho kwa upindo wa khanga. Mara mbili kwa siku, miaka hamsini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitoka jikoni anasimama mlangoni amefumba macho, anasubiri mpaka yaache kuwasha ndipo atembee. Watoto wa jirani walikuwa wakimkimbia.

Yaani mbung'o, pamba, kukosa kuni, moshi, macho, na mwisho panga. Mnyororo wote huo ni mambo ya uchumi na utawala, lakini mwisho wake ni bibi mmoja mjane anayeishi peke yake.

Kuna na operesheni ya vijiji. Wasukuma waliishi kaya moja hapa nyingine kule, na ukigombana na jirani unahama. Kuanzia 1974 watu walisogezwa wakae kwa mistari, na msomi wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Simeon Mesaki, ameandika namna ukaribu huo wa lazima ulivyochochea tuhuma. Mtoto wako akiugua, sasa yupo jirani wa kumtazama kila asubuhi.

Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa wilaya ya Meatu, hukohuko Usukumani. Aliweka kumbukumbu za mvua pembeni ya kumbukumbu za mauaji. Mwaka wa ukame au wa mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yanakuwa karibu mara mbili ya mwaka wa kawaida. Mauaji mengine hayapandi hivyo. Wanaouawa ni bibi vizee wa kaya maskini, na wauaji mara nyingi ni watu wa ukoo. Mvua inakosa, chakula hakitoshi, na anayeonekana kula bila kuzalisha ni mmoja.

Kwa hiyo mkuu, umesema adui yumo ndani ya ukoo. Kwa bibi wa Meatu hiyo ni kweli tupu.

Ndiyo sababu sisomi kwa starehe. Mwandishi anayeweka bibi mwenye macho mekundu kwenye sehemu ya kwanza ili wasomaji washtuke anatumia alama ileile iliyotumika kuchagua wa kuuawa. Hajaitunga, kaichukua ilivyo na damu yake.

Mkuu wa Sumbawanga, lako nalileta.

#5 Mchangiaji

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa Pemba, niruhusuni nitie langu kuhusu popobawa, lile zimwi linalosemwa huwavamia watu kitandani usiku, maana kila mtu anaeleza kwa kucheka na sisi tulikuwa hatucheki.

Mwaka 1995 ilikuwa Ramadhani. Kwetu tulitoka majumbani, tukalala uwanjani, majirani wote pamoja, moto umewashwa, wazee wanasoma Qur'ani kwa zamu. Baba yangu hakuwa mtu wa hofu lakini alitoka na yeye. Lililokuwa zito zaidi ni kuwa yule akikujia, asubuhi lazima useme. Usiposema anarudi. Wanaume walisema mbele za watu mambo ambayo katika heshima yetu mtu angekufa nayo.

Wazee wetu walisema si mara ya kwanza, alikuja pia baada ya Mapinduzi. Na 1995 Oktoba ndio uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Mimi si msomi wa siasa, lakini niliyaona mambo yote mawili mwaka mmoja: watu wanaogopa usiku, na watu wanaogopa kusema wako chama gani. Mjini Unguja umati ulimuua mtu, ikaja kujulikana alikuwa mgonjwa wa akili. Hilo halisimuliwi kwenye hadithi za popobawa, na ndilo lililotokea kweli.

#6 Mleta uzi

Wa alaykum salaam dada, ahsante sana. Hilo la kulazimishwa kusema ni kubwa. Mtunzi yeyote angejivuna kwa kubuni zimwi la namna hiyo. Mahali ambapo kusema ni hatari kumetokea kitu kinachokuadhibu ukinyamaza. Na watu wakatoka wakalala pamoja uwanjani, chama hiki na chama kile, kwa sababu peke yako ndani ya nyumba hakukaliki. Anayetaka kuandika hadithi ya kutisha ya Pemba aanzie kwenye uwanja ule na moto ule, amwache popobawa gizani.

Na umegusa sehemu ngumu ya hoja yangu, ambayo nilikuwa naielekea. Hadithi inayomwogopa mtu wa juu nayo inaua, na mara nyingi inayemuua si wa juu.

Mwaka 1947 Mombasa umati ulivamia kituo cha zimamoto kwa uvumi wa mumiani. Mwaka 1959 Buguruni, kabla haijamezwa na jiji, askari polisi aliuawa kwa uvumi huohuo. Mtasema ni zamani. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma: wafanyakazi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Mtu akapiga kelele kwamba wanyonya damu wamekuja. Waliuawa na kuchomwa moto pamoja na gari lao. Mwaka uliofuata wilaya za kusini mwa Malawi, Mulanje na Phalombe, zilikumbwa na jambo hilohilo, watu wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake huko.

Angalieni sura ya tukio la Dodoma. Linakuja gari la serikali. Wageni wanashuka na vyombo, wanachimba, wanaweka kwenye vifuko, wanaandika. Hakuna aliyeeleza kijiji kizima wanachukua nini na kwa ajili ya nani. Ni picha ya mumiani wa 1930 bila kubadilika. Waliokufa ni watumishi waliokuja kusaidia mkulima, na familia zao hazitarudishiwa watu wao kwa maelezo yangu yoyote kuhusu historia. Lakini ninaposikia viongozi wanasema tatizo ni "ujinga wa wananchi" naona wameruka hatua. Kijiji kile hakikubuni hofu asubuhi hiyo, kilikuwa nayo imehifadhiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mbozi na Mbeya, kulikuwa na habari za watu kuchunwa ngozi, ikisemekana zinavushwa mpaka kuuzwa. Kuna miili iliyookotwa, na kuna uvumi mwingi juu yake. Mipaka ilikuwa imefunguliwa kwa biashara, kila kitu kimekuwa na bei, na watu wakaogopa kwamba hata ngozi ya mtu itapata mnunuzi. Baada yake yakaja mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino kanda ya ziwa, yakihusishwa na wanaotafuta bahati kwenye migodi na uvuvi, mpaka Januari 2009 serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi. Hapo hofu na tamaa vilikutana: wale waliodhaniwa kuwa na thamani ya fedha mwilini mwao waliwindwa na majirani. Naomba hapa nisiende mbali. Sitaki mtu achukue ualbino kama kionjo cha hadithi yake. Kuna wazazi wanaosoma humu.

#7 Mchangiaji

Mzee umeeleza vya kutosha historia. Mimi ni mwandishi chipukizi, hadithi yangu moja iko humu na ina bibi wa macho mekundu kama ulivyosema. Sikuwa najua haya ya moshi. Sasa niambie, watu wanataka kutishwa, wasipotishika hawaji sehemu ya pili. Tuandikeje?

#8 Mleta uzi

Mdogo wangu, nimefurahi umeuliza. Hadithi yako niliifuata, una sikio zuri la mazungumzo, hasa ile sehemu ya kwenye basi.

Kwanza jiulize hofu ya hadithi yako ni ya nani. Hadithi zetu za sasa zinaitwa za kijijini, lakini mwenye hofu ni mtu wa mjini. Marekani nako wanazo filamu nyingi za watu wa mjini wanaopotea njia mashambani na kuchinjwa na wenyeji, na mtu wa shamba kule huonyeshwa mchafu, hana meno, nusu mnyama. Ni hofu ya aliyefaidika akimwangalia aliyeachwa nyuma. Mkuu wa Sumbawanga, jibu lako naliona hapo. Kijiji kinachochaguliwa kuwa cha kutisha ni kile ambacho msomaji anaamini hatakaa afike, na ambacho mwandishi anaamini hakina mtu atakayesoma.

Sisi tuna la kwetu juu ya hilo. Mtu wa Dar haogopi kijiji tu, kinamdai. Kasomeshwa kwa ng'ombe aliyeuzwa. Shangazi alimlea. Sasa ana mshahara na hautoshi, na simu ikiita namba ya kijijini moyo unashtuka kabla hajapokea. Mmeusikia ushauri: usiende na gari kijijini, usijenge kwenu mapema, usile kwa fulani. Tunaupeana kwa nia njema kabisa. Lakini shangazi anayegeuka mchawi kwenye hadithi ni shangazi anayedai. Akishakuwa mchawi deni limefutika, maana nani anamlipa mchawi? Hiyo ndiyo hofu iliyojificha ndani ya hadithi ya "bibi kijijini", na karibu hakuna anayeiandika waziwazi. Ukiiandika waziwazi utawatisha watu kuliko kitu chochote kinachotembea juu ya bati.

Pili, badilisha mahali pa kusimama. Muweke msomaji ndani ya nyumba ya bibi. Jioni kasukumiwa kikaratasi chini ya mlango, na kwa kuwa hajui kusoma, anakwenda kumpa mjukuu wa jirani amsomee. Mtoto anakisoma kimya, anamwangalia, anasema "ni mambo ya kikao, bibi." Bibi anarudi. Usiku mbwa wa mtaa, ambao hubwekea kila apitaye, wamenyamaza. Wamenyamaza kwa sababu anayekuja wanamjua. Anasikia miguu miwili mitatu uani. Mmoja anakohoa, na kikohozi hicho anakifahamu, amekikanda kwa mafuta ya kondoo, mwenye kikohozi alipokuwa na miaka minne. Nje ya pale kuna ekari nne za mbuga za mpunga ambazo mumewe alimwachia.

Hapo hujaweka jini hata moja. Kwetu watu hao wanaitwa wakata mapanga, wanalipwa, na mara nyingi chanzo ni shamba. Msomaji akifika kwenye kikohozi kile hatahitaji uchawi ili akose usingizi.

Tatu, ukitaka kumtumia mtu wa juu kama walivyofanya wazee wa mumiani, jifunze walichokijua wao: vifaa. Walijua mipira, ndoo, zamu, sakafu. Wewe una mashine ya kupimia ardhi kwenye miguu mitatu, vigingi vyenye rangi nyekundu vinavyoota shambani usiku mmoja, ujumbe wa mkopo uliokuja kwenye simu ya mama ambaye hakuomba mkopo, fomu ya kuweka kidole gumba. Mpe mtu wako jina la kazi na mshahara. Mfanye awe mpole. Na kwa sababu ya Iringa Mvumi, kuwa mwangalifu: usimpe sura ya mtu wa chanjo au mtafiti wa udongo ambaye kesho atasimamisha gari kijijini kwa shangazi yako. Hofu hii ikikosa anwani humwangukia aliye karibu. Mpe anwani. Onyesha nani kasaini, fedha imeingia kwa nani, nani kakaa wapi wakati kijiji kinalia. Mumiani wa zamani aliogopwa, ila ofisi ya juu iliyompeleka, hadithi haikuiingia hata siku moja. Wewe ingia ndani yake.

#9 Mchangiaji (#3)

Mleta uzi, sijabadili msimamo kuhusu uchawi. Ila hilo la kikohozi limenikumbusha jambo la kwetu. Mama mkubwa wangu mwaka wa njaa. Nitaandika PM.

#10 Mleta uzi

Mkuu, niandikie muda wowote, na pole sana.

Kwa wengine: nakusanya simulizi za msukule na shamba la usiku kutoka kila kanda, kwa nia ya kuzitumia na mdogo wangu #7 kuandika mfululizo mmoja humu jukwaani. Ukiweka ya kwenu, taja wilaya, mwaka unaokisia uliisikia, nani alikusimulia (babu, mama, rafiki wa shule, bila jina lake), na muhimu kuliko yote, tajiri wa kwenye hadithi alikuwa analima nini: pamba, tumbaku, kahawa au mpunga. Nina Kwimba na Igunga tayari, zote pamba. Nasubiri za Songea na Kigoma.